Kikulacho ki nguoni mwako: kioo cha gari kwa upande wa ndani

Mtu apitaye katika mitaa ya Kigali mchana wa Jumamosi ataona magari mengi yakioshwa. Ndoo za maji zimepangwa, povu la sabuni limetanda, na udongo mwekundu wa vilima unateremka kutoka kwenye magurudumu. Kazi ikiisha, mwenye gari hulizunguka mara moja, hulitazama rangi yake inavyong'aa, akaridhika. Lakini karibu kazi yote hiyo imefanywa kwa ajili ya macho ya watu wengine. Upande ambao macho ya dereva mwenyewe huutegemea, yaani upande wa ndani wa vioo, mara nyingi huachwa. Hata ukikumbukwa, hupanguswa harakaharaka kwa kitambaa kilekile kilichokwisha kufuta milango na vizingiti.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kioo cha mbele kikirushiwa matope kwa nje, dereva huona mara moja; hufungulia maji, na waipa hufuta. Ni mwaka 1903 ambapo Mary Anderson, mwanamke wa Alabama huko Marekani, alipewa hataza ya chombo cha kufutia kioo cha mbele, kilichozungushwa kwa mkono na mtu aliyeketi ndani. Tangu siku hizo upande wa nje una mtumishi wake. Upande wa ndani haujapata mtumishi mwingine ila mkono wa binadamu, na mkono huo ukisahau, hakuna taa wala kengele itakayomkumbusha dereva.

Utando hutoka wapi?

Wengi hudhani kwamba kioo kisichoguswa na mtu hakiwezi kuchafuka. Sivyo. Gari linapoachwa juani milango ikiwa imefungwa, hewa ya ndani hupata joto kali, na dashibodi iliyo chini ya kioo cha mbele hupata joto kali zaidi. Plastiki ya dashibodi, ngozi ya bandia ya viti na gundi za kiwandani huwa na dawa za mafutamafuta zilizotiwa ili vitu hivyo viwe laini visipasuke. Joto huzigeuza dawa hizo kuwa mvuke. Kioo kinapopoa, mvuke huo hutulia juu yake na kuwa utando mwembamba. Ile harufu ya gari jipya ambayo watu huifurahia ni sehemu ya mvuke huohuo. Ndiyo maana hata gari jipya lisilopakia watu wengi huota utando.

Juu ya utando huo huja vitu vingine. Moshi wa sigara hunata hapo. Pumzi na jasho la abiria huacha alama zao. Watoto huandika kwa vidole na kuegemeza nyuso zao kioni wakitazama njia. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, vumbi laini la barabara zisizo na lami huingia kwa madirisha na matundu ya hewa, likakutana na mafuta yale likanata. Kwa sababu hiyo kitambaa kikavu peke yake hakifai: hulisambaza vumbi ndani ya mafuta kama mtu apakaye siagi kwenye mkate.

Kuna jambo jingine ambalo hufanywa kwa nia njema. Baada ya kuosha gari, vijana wa kazi hupenda kupaka dashibodi mafuta ya kung'arisha. Dashibodi hupendeza kweli, lakini hasara yake ni mbili. Kwanza, juani mafuta hayo nayo huweza kutoa mvuke na kuongeza utando. Pili, dashibodi inayong'aa hujionyesha kioni kama katika maji ya bwawa, hata dereva akawa anaitazama njia kupitia picha ya dashibodi yake. Inatosha kuipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo na kuiacha bila mng'ao.

Jua la asubuhi na jua la jioni

Hila ya utando huu ni kwamba hauonekani saa ya kawaida. Adhuhuri, jua likiwa utosini, kioo kichafu na kioo safi hufanana. Lakini mwanga ukija kutoka mbele, kila chembe ya mafuta na vumbi huutawanya pande zote, na sehemu ya mwanga huo huingia katika macho ya dereva. Hapo kioo kizima huwa kama pazia jeupe. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, baiskeli isiyo na taa, mtoto aliyetoka kati ya magari mawili, wote humezwa na weupe huo.

Kigali iko kama digrii mbili tu kusini mwa ikweta. Kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili, na giza huingia upesi. Saa ambazo jua liko chini ndizo saa ambazo watu wamejaa barabarani, wakienda kazini na shuleni au wakirudi. Tena barabara kubwa itokayo katikati ya mji kupitia Remera kwenda uwanja wa ndege wa Kanombe huelekea mashariki. Anayekaa upande wa mjini na kufanya kazi Kanombe hukutana na jua usoni asubuhi akienda, na hukutana nalo usoni tena jioni akirudi. Mwenzake akaaye Kanombe na kufanya kazi mjini hupewa kisogo na jua mara zote mbili. Vilima navyo huongeza shida: gari linapopanda na kufika kileleni, jua lililokuwa limefichwa na mlima hutokea ghafla machoni, kabla dereva hajashusha kile kibao cha kukingia jua.

Hesabu yake ni rahisi. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde. Dereva akipofushwa kwa sekunde mbili, amekwenda zaidi ya mita 33 bila kuona. Hata akipunguza mwendo hadi kilomita 40 kwa saa, sekunde hizo mbili ni mita 22, umbali unaotosha kupita kivuko cha watembea kwa miguu na kukiacha nyuma.

Ichukuliwe familia moja ya mfano. Sajini anakaa Nyamirambo na kazi yake iko Kanombe. Jioni moja anarudi, jua limemkabili. Mkewe amekwenda kumchukua mtoto shuleni, nao wamesimama kando ya barabara kusubiri kuvuka. Gari linawapita hatua moja tu. Usiku, watoto wakiisha kulala, mama anaanza.

"Baba watoto, leo umetupita mimi na mwanao tumekwisha kutia mguu kwenye mistari myeupe. Tena tulikupungia mkono."

"Sikuwaona, mama watoto. Jua lilikuwa machoni."

"Jua halikuanza leo. Hebu njoo nikuonyeshe kitu."

Mama anachukua leso nyeupe, anafungua mlango wa gari, anapitisha leso mara moja kwenye kioo cha mbele kwa ndani. Leso inatoka na rangi ya moshi.

"Lakini juzi niliosha gari," asema sajini.

"Uliosha nje. Buti zako unazing'arisha kila usiku, baba watoto, na buti hazioni njia."

Maneno hayo yangeweza kusemwa katika nyumba nyingi. Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba usafi ni sehemu ya nidhamu. Lakini paredi hukagua kile kinachoonekana kwa mkaguzi. Kioo cha ndani hakikaguliwi na mtu ila na jua la jioni, nalo halitoi onyo la kwanza.

Namna ya kusafisha

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi, nayo huchukua muda wa nusu saa. Kinachohitajika ni mpango.

Gari liwekwe kivulini, na kioo kiwe kimepoa. Saa za asubuhi mapema ndizo bora. Kioo chenye joto hukausha maji kabla ya kufutwa, na hapo michirizi hubaki.

Viandaliwe vitambaa vitatu vya pamba visivyotoa nyuzi. Fulana kuukuu iliyofuliwa mara nyingi inafaa kuliko kitambaa kipya. Visifuliwe kwa dawa ya kulainisha nguo, kwa maana dawa hiyo huacha mafuta ndani ya kitambaa na mafuta hayo huhamia kioni. Vitambaa hivi viwe vya kioo tu. Visiguse milango, viti wala magurudumu. Mama wa nyumbani hakubali kitambaa cha sakafuni kifute sahani, na sheria ni hiyohiyo.

Kwanza ipanguswe dashibodi, ili vumbi lake lisirukie kioo kikiwa kimelowa. Kisha kitambaa cha kwanza kitiwe katika maji ya uvuguvugu yenye tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo, kikamuliwe sana, kifute kioo chote. Kazi ya kitambaa hiki ni kuvunja mafuta. Kitambaa cha pili kitiwe katika nusu lita ya maji safi iliyochanganywa na vijiko vitatu vya siki nyeupe, kikamuliwe, kiondoe sabuni. Kitambaa cha tatu, kikavu, kimalize. Kila kitambaa kikunjwe mara tatu ili kiwe na pande nyingi, na upande mmoja ukichafuka ugeuzwe mwingine. Michirizi mingi ambayo watu hulaumu dawa imeletwa na kitambaa kilichochafuka mapema.

Maji yasimwagwe wala kurushwa moja kwa moja kwenye kioo cha mbele. Yatateremka ndani ya dashibodi, ambako kuna nyaya na vifaa vya umeme. Kinacholoweshwa ni kitambaa, si kioo.

Pembe za chini ndizo sugu, nazo ndizo ambazo watoto na waendesha pikipiki hutokeza. Kwa kuwa magari ya Rwanda huendeshwa upande wa kulia wa barabara na usukani wake uko kushoto, ni rahisi kuanzia kiti cha kulia, ambako hakuna usukani wa kuzuia mkono. Mkono ugeuzwe, kiganja kiwe juu, vidole visukume kitambaa hadi kwenye kona. Pasipofikika, kitambaa kizungushiwe kipande chembamba cha ubao laini.

Upande wa ndani ufutwe kwa kwenda kushoto na kulia. Upande wa nje ufutwe kwa kwenda juu na chini. Mchirizi ukionekana baadaye, mwelekeo wake utasema uko upande gani, na mtu hatahangaika kutoka na kuingia. Vioo vya milango vishushwe vidole viwili ili ule ukingo wa juu ujifichao ndani ya mpira upate kusafishwa. Kioo cha nyuma chenye nyaya nyembamba za kuondolea ukungu kifutwe polepole kwa kufuata nyaya hizo, wala kisikwanguliwe kwa wembe, maana waya mmoja ukikatika mstari wake hautafanya kazi. Kioo kidogo cha kutazamia nyuma kisisahauliwe.

Mafuta yakikataa kutoka, hasa ya moshi wa sigara, spiriti kidogo kwenye kitambaa huyatoa. Milango iwe wazi, na pasiwe na moto wala sigara karibu, kwa sababu spiriti hushika moto upesi. Isiguse plastiki wala kioo kilichobandikwa karatasi ya kupunguza jua. Karatasi hiyo huharibiwa pia na dawa za vioo zenye amonia. Yatosha kuisafisha kwa maji na sabuni laini. Na siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kufanyia nguo ziwe nyeupe. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya sumu, na ndani ya gari dogo gesi hiyo ina hatari kubwa.

Gazeti kuukuu, likiisha kusomwa na kila mtu nyumbani, hung'arisha kioo vizuri kwa kumalizia. Lakini wino wake huweza kuchafua viti na kitambaa cha dari, kwa hiyo litumike katikati ya kioo, si pembezoni.

Mwisho kazi ijaribiwe. Usiku, mtu mmoja aketi kwenye kiti cha dereva, mwingine asimame nje mbele ya gari na kumulika tochi akiwa pembeni kidogo. Palipobaki utando patang'aa kama ukungu. Hakuna mkaguzi mkali kuliko tochi hiyo.

Wakati wa mvua

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Desemba, huleta adui mwingine. Abiria huingia na makoti yaliyolowa na miavuli inayodondosha maji. Pumzi zao zina unyevu, na kioo kimepozwa na mvua ya nje. Unyevu hutulia kioni ukawa ukungu. Kioo kichafu huutesa zaidi mwono, kwa kuwa matone hushika kwenye mafuta na chembe za vumbi, na kila tone hutawanya taa za gari linalokuja.

Kosa la kawaida ni kufuta ukungu kwa kiganja au kwa mkono wa shati. Kiganja huacha mafuta, na ukungu utakaofuata utakuwa mzito zaidi mahali hapo. Njia bora ni kuelekeza hewa ya gari kwenye kioo, kufungulia hewa ya nje iingie badala ya kuizungusha ileile ya ndani, na kushusha dirisha kidogo. Kwenye gari lenye mtambo wa kupoza hewa, mtambo huo uwashwe hata kama ni baridi, kwa sababu huikausha hewa. Dereva asianze safari akichungulia kwenye tundu alilofuta kwa vidole. Asubiri dakika mbili kioo kifunguke chote. Wengine hupaka sabuni kavu kioni ili kuzuia ukungu; wakumbuke kwamba sabuni hiyo yenyewe ni utando, nayo italipwa jioni jua likishuka.

Familia zisizo na gari nazo zina kioo chao. Maelfu ya watu wa Kigali husafiri kwa pikipiki, dereva na abiria wake wakiwa na kofia ngumu. Kioo cha kofia hiyo hushika mafuta ya uso na pumzi kwa ndani kama kile cha gari. Kwa kuwa ni plastiki, kisifutwe kwa spiriti wala kwa kitambaa kikavu chenye vumbi. Kioshwe kwa maji na sabuni laini, kikaushwe kwa kitambaa cha pamba.

Ukaguzi wa kabla ya safari

Dereva wa gari la kazi, awe wa jeshi, wa polisi au wa ofisi, hukagua mafuta, maji, matairi, breki na taa kabla ya kutoka. Ni jambo jema kuongeza la sita: leso nyeupe ipitishwe mara moja kwenye kioo cha mbele kwa ndani. Ikitoka safi, safari ianze. Ikichafuka, zitumike dakika tano kabla ya ufunguo kuwashwa. Polisi ya Taifa ya Rwanda ilipoanzisha kampeni ya Gerayo Amahoro mwaka 2019, maneno yenyewe yalikuwa na maana ya kufika kwa amani. Kufika huko kwa amani ni kwa aliye ndani ya gari, na pia kwa yule anayevuka mbele yake.

Nyumbani kazi hii igawanywe. Mara moja kwa wiki kioo cha mbele kifutwe kwa maji ya siki na kukaushwa. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi ya mwisho baada ya umuganda, wakati ndoo na vitambaa viko nje tayari, vioo vyote visafishwe kwa ukamilifu. Watoto wapewe vioo vya milango, maana ndio wanaovichafua, na mtoto aliyefuta kioo hatachora tena juu yake. Gari likiegeshwa juani, boksi lililokunjuliwa liwekwe juu ya dashibodi ili kupunguza joto na mvuke. Na maji machafu yasimwagwe kwenye mtaro: mitaro ya mji huteremka mabondeni hadi mto Nyabugogo, nao huingia Nyabarongo, ambayo watu wengine huitegemea.

Gharama ya yote hayo ni siki kidogo, fulana moja kuukuu na nusu saa ya muda. Mwenye gari aliyeahirisha jambo hili kwa miezi anaweza kulianza leo jioni kwa leso moja tu, kabla jua halijamwonyesha mwenyewe akiwa njiani.